Pweza Hana Kosa

Shuka Ukunda jioni, tembea kidogo tu kando ya barabara, halafu soma kuta. Kwenye nguzo ya stima: nguvu za kiume. Kwenye ukuta wa duka la simu: nguvu za kiume. Nyuma ya tuktuk: nguvu za kiume, namba ya simu, na ahadi ya siku tatu. Mbele kidogo sufuria ya supu ya pweza inafuka mvuke, wanaume wameizunguka na vikombe mkononi, wanacheka kile kicheko cha watu wanaojua wanachokunywa na kwa nini wanakinywa. Hakuna anayewaambia washushe sauti.

Sasa jaribu wewe kubandika kwenye nguzo hiyohiyo karatasi yenye neno moja tu: kisimi. Haitafika magharibi.

Sina ugomvi na pweza. Ugomvi wangu ni kwamba mji mzima umejenga biashara juu ya swali moja, "mwanamume ataweza?", na hakuna hata karatasi moja inayouliza la pili: "na mwanamke, je?" Ukiliuliza wewe, unaambiwa huna adabu, umeharibiwa na Nairobi, umeiga Wazungu. Mimi nasema kulinyamazia swali hilo si adabu. Ni uzembe. Una gharama, na wanaoilipa ni wanawake, wengine wanailipa hadi hospitalini. Tutafika huko. Tuanze na mwili wenyewe.

Neno tunalo, hatukuazima popote. Kuna kisimi, kuna kinembe, yote mawili ni Kiswahili safi. Kwa kile kinachotokea raha ikifika mwisho tunasema mshindo, au kufika kileleni. Watu hawatungi jina la kitu wasichokijua. Lakini leo neno hilo unalisikia wapi? Kwenye matusi ya vijana wanaogombana uwanjani. Tumechukua kiungo cha mwili wa mama zetu tukakigeuza jiwe la kurushiana, halafu tunashangaa msichana wa Form Four anaweza kukuchorea figo na kila mrija wake, lakini sehemu hii ya mwili wake mwenyewe hajui inaitwaje wala ina kazi gani.

Ukumbuke ule mchoro wa via vya uzazi vya mwanamke tuliokariri sote, unaofanana na kichwa cha ng'ombe mwenye pembe. Mji wa mimba katikati, mirija kulia na kushoto, ovari mwishoni mwa pembe. Ule ni mchoro wa kiwanda cha watoto. Kisimi hakizai, kwa hivyo hakimo. Kwa mwanamume mambo ni tofauti, kwa sababu kiungo chake cha raha ndicho hichohicho cha uzazi. Mwalimu hawezi kueleza mimba bila kueleza kusimama na kumwaga. Ndivyo raha ya mwanamume ilivyoingia darasani bila kupiga hodi, na ya mwanamke ikaachwa nje na viatu.

Basi tufundishane hapahapa. Katika wiki za mwanzo za mimba, mtoto wa kike na wa kiume wote wana kijinundu kimoja kilekile. Baadaye homoni zikaamua: kwa huyu kikawa uume, kwa huyu kikawa kisimi. Asili ni moja, na nyama ni ya aina moja. Kisimi kinajaa damu na kuvimba kama uume. Na kile kinachoonekana nje, kidogo kama punje ya kunde, ni ncha tu. Mwaka 1998 Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo kutoka Melbourne, Australia, alichapisha uchunguzi wa miili ya wanawake iliyopasuliwa, akaonyesha kwamba vitabu vya udaktari vilikuwa vimekichora kiungo hiki vibaya. Sehemu kubwa imo ndani. Kuna shina, kuna miguu miwili inayopanuka kuelekea mifupa ya nyonga, na kuna mafungu mawili ya nyama inayojaa damu, yameukumbatia uke huku na huku. Ukikipima chote, nje na ndani, kinafika kama sentimita 9 hadi 11.

Mwaka 1998, bwana! Watu walikuwa wamekanyaga mwezi miaka 29 nyuma. Na mwezi Machi wa mwaka huohuo Marekani iliidhinisha Viagra. Kwa hivyo katika mwaka mmoja dunia ilipata vitu viwili: kidonge cha mwanamume na ramani ya mwanamke. Kidonge kimeshafika kila duka la dawa kutoka Likoni hadi Lunga Lunga. Ramani bado iko njiani.

Nyuzi za neva zake je? Kwa miaka mingi watu walirudia kwamba kisimi kina nyuzi 8,000. Ukiifuata hesabu hiyo ilikotoka, unakuta ilikuwa ya mifugo. Ndiyo, ng'ombe. Ni mwaka 2022 ndipo Blair Peters, daktari wa upasuaji huko Oregon, Marekani, na wenzake walipotangaza hesabu ya binadamu: zaidi ya 10,000. Mpaka juzi, elimu ya dunia kuhusu raha ya mwanamke ilikuwa imeazimwa zizini.

Sasa rudi kwenye sufuria ya supu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Debby Herbenick na wenzake kuhusu wanawake wa Marekani. Waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha mshindo walikuwa asilimia 18.4, hawafiki hata mmoja kati ya watano. Kati ya waliobaki, wengi walisema ama kisimi lazima kiguswe, ama kikiguswa mambo yanakuwa bora zaidi. Mwaka huohuo ukatoka utafiti mwingine wa hukohuko, uliouliza watu zaidi ya 52,000. Wanaume wanaolala na wanawake, asilimia 95 walisema wanafika kila mara au karibu kila mara. Wanawake wanaolala na wanaume, 65. Wanawake wanaolala na wanawake wenzao, 86.

Itazame vizuri hiyo 86 na hiyo 65. Mwili ni uleule, wa mwanamke. Kilichobadilika ni nani yuko naye kitandani na anajua nini. Kwa hivyo ndugu yangu, unaweza kunywa supu mpaka pweza waishe Gazi na Shimoni. Kama njia huijui, nguvu itakusaidia nini? Boda yenye injini kubwa na dereva asiyejua njia inapotea haraka zaidi, basi.

Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis, Marekani, walitoa kitabu baada ya kuwapima watu wazima waliojitolea maabara. Walieleza jinsi mwili unavyopanda, unavyokaa juu, unavyofika mshindo, na unavyoshuka. Wakaona kwamba mshindo ukifika, misuli ya nyonga hujikaza na kulegea kwa mapigo, kila baada ya sekunde 0.8 hivi, mwanamke na mwanamume sawasawa. Wakaona pia kwamba mwanamke anaweza kufika tena na tena bila kungoja, jambo ambalo wanaume wengi hawaliwezi. Haya hutayasikia kwenye mazungumzo ya supu.

Lakini maabara haina mtoto anayelala nyuma ya pazia. Ndiyo maana waliokuja baadaye waliongeza mambo mawili ambayo mimi naona yangefaa kubandikwa kwenye zile nguzo. La kwanza ni la Rosemary Basson, daktari wa Canada, aliyeandika mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio kwenye ndoa ya miaka, hamu haianzi yenyewe kama njaa. Inakuja baada ya kuitwa: kwa maneno, kwa mikono, kwa utulivu. La pili ni la John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey: kwamba ubongo katika mambo haya una mafuta na una breki, na viwili hivyo ni mifumo tofauti. Kila abiria wa matatu ya Likoni analielewa hili. Dereva akikanyaga mafuta na breki ya mkono bado imevutwa, gari litanguruma, litanuka, haliendi.

Na breki za wanawake wa huku hazihitaji mtafiti kutoka mbali. Amesimama tangu alfajiri kwenye chumba cha kufulia shuka za hoteli Diani. Zamu yake ya chama ni kesho na pesa hana. Anaogopa mimba. Ukuta ni wa udongo na mama mkwe yuko upande wa pili. Simu ya mume imelazwa kifudifudi. Halafu mume anauliza, mbona siku hizi umekuwa baridi? Si baridi, baba. Umekanyaga mafuta dakika mbili, breki tano zimevutwa, na hujaulizia hata moja.

Hapa niwasute na wanawake wenzangu kidogo. Kuna shabu, kuna vijiti, kuna unga usio na jina, vyote vinauzwa kwa sifa moja: vinakausha na kubana. Ule ute wa mwanamke si uchafu wala dalili ya umalaya. Damu ikijaa kwenye mishipa inayozunguka uke, majimaji yake huchujika kupitia kuta za uke na kuulainisha. Ni mwili unasema uko tayari. Ukiukausha kwa shabu unauziba mdomo, na nyama kavu ikisuguliwa inachubuka, na palipochubuka virusi vinapita kwa urahisi. Wenzetu wa Rwanda na magharibi ya Uganda wana ufundi wao wa jadi, kunyaza, huko Uganda wengine wanauita kachabali, na fahari yake yote ni maji ya mwanamke. Watu wa milimani na maziwani wanashangilia maji. Sisi wa baharini ndio tumeamua kukausha.

Najua jibu linalokuja: hayo ni mambo ya Kizungu. Hebu tuyatazame mambo ya Kizungu. Mwaka 1559 Mwitaliano Realdo Colombo aliandika kwamba yeye ndiye aliyekigundua kisimi, kama Vasco da Gama alivyosifiwa kwa kugundua bahari ambayo babu zetu walikuwa wakiisafiri. Mwaka 1905 Sigmund Freud alifundisha kwamba mwanamke aliyekomaa anapaswa kuihamisha raha yake kutoka kwenye kisimi kwenda kwenye uke. Vizazi vya wanawake wa Ulaya na Marekani wakaambiwa wana kasoro kwa sababu tu miili yao inafanya kazi kama miili. Kwa hivyo anayemwambia mke wake "mwanamke kamili haguswi huko" anamfuata Freud wa Vienna, hata kama amevaa kanzu.

Wetu sisi tulikuwa tumeshafundishwa. Mtoto wa madrasa wa Kwale anasoma habari za josho na janaba kabla hajaota ndevu. Hadithi iko kwa Bukhari na kwa Muslim: Ummu Sulaym alimwendea Mtume, akatanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki, kisha akauliza kama mwanamke akiota ndoto ile anayoiota mwanamume naye anapaswa kuoga. Akajibiwa ndiyo, akiona maji. Hilo swali liliulizwa na mwanamke, karne ya saba, na likapewa jibu, si kofi. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulum al-Din anamtaka mume akishatimiza haja yake asiondoke, angoje mpaka mke naye atimize yake, maana yake huenda ikachelewa. Zaidi ya miaka 900! Ni masheikh wangapi umewasikia wakilisoma fungu hilo kwenye khutba ya ndoa? La mke kumtii mume umelisikia mara ngapi?

Na mila je? Mila ilikuwa na somo, ilikuwa na kungwi. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia inamkumbuka kwa taarabu, lakini Unguja walimjua pia kwa ngoma ya unyago, akiwafunda wasichana mambo ya mwili na ya ndoa. Sitaki kuipamba mila kupita kiasi. Mtaala wa somo mara nyingi ulikuwa na mtihani mmoja tu: mume ameridhika? Lakini mle chumbani maneno yalitajwa, na waliotajiwa hawakufa kwa aibu. Kwa jirani zetu Waganda kuna ssenga, shangazi anayemfunda msichana. Profesa Sylvia Tamale wa Makerere aliandika mwaka 2005 jinsi kazi hiyo ilivyobadilika mjini, mpaka baadhi ya ssenga wakawa wanawafundisha wanawake pia kudai raha yao wenyewe. Mila ilikua. Sisi harusi zetu zina drone na keki ya ngazi nne, na somo kapewa nusu saa kati ya hina na picha.

Halafu msiniambie wanaume wa huku hawafundishiki. Miaka nenda miaka rudi ufuo wa Diani umekuwa na vijana wanaojua kumsikiliza mgeni wa kike aliye na umri wa mama yao: anapenda nini, hapendi nini, azungumzwe vipi, aguswe wapi. Wapo waliojifunza Kijerumani na Kiitaliano kwa ajili hiyo. Biashara hiyo siisifu, umaskini ndio mama yake. Ila inathibitisha kwamba kusikiliza kunajifunzika. Sasa kwa nini masikio hayo yanabaki kwenye geti la hoteli? Mwenye yuro anaulizwa "unapenda?" Mwenye leso anaambiwa "vumilia."

Na hilo vumilia ndilo linaloumiza watu.

Msambweni ni jina linalojulikana na wataalamu wa kichocho duniani kote. Watafiti wamekuwa wakikichunguza huko tangu miaka ya 1980. Kichocho cha Pwani ni kile cha mkojo. Kijidudu chake hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kikatoka, kikamwingia mtu kupitia ngozi anapoteka maji, anapofua, anapooga mtoni au anapovuka kidimbwi. Dalili ambayo kila mtu anaijua ni mkojo wenye damu. Wachache wanajua kwamba mayai ya minyoo hao hukwama pia kwenye kuta za uke na kwenye shingo ya mji wa mimba. Hapo huleta vidonda, kutokwa na damu, uchafu, maumivu wakati wa tendo, na wakati mwingine ugumba. UNAIDS na Shirika la Afya Duniani walikadiria mwaka 2019 kwamba huenda wanawake na wasichana hadi milioni 56 kusini mwa Sahara wana hali hiyo, na kwamba inawaweka kwenye hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI.

Mfikirie mwanamke mmoja kati ya hao. Tendo linamuuma. Atasemaje? Ili aseme "zamani ilikuwa tamu, sasa inauma", lazima kwanza awe aliruhusiwa kusema ilikuwa tamu. Hakuruhusiwa. Tangu usiku wa kwanza aliambiwa inauma, vumilia, utazoea. Kwa hivyo maumivu ya ugonjwa yamekuja yakakaa palepale palipotengewa maumivu ya kawaida, na hakuna aliyeona tofauti, hata yeye mwenyewe. Akipata ujasiri akaenda zahanati, dalili zake zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na mara nyingi mwanamke wa namna hii hutibiwa zinaa asiyo nayo. Dawa haisaidii. Mume anaanza kuhesabu safari zake za sokoni. Ndoa inavunjika, na aliyeivunja ni konokono.

Tiba ipo, inaitwa praziquantel. Huua minyoo, ingawa makovu ya muda mrefu hayafuti, na ndiyo sababu kuwahi ni muhimu. Lakini kampeni za kugawa dawa hiyo zimelenga zaidi watoto wa shule. Mama aliyeambukizwa mtoni miaka ishirini iliyopita hayumo kwenye foleni.

Kwa hivyo anayesema raha ya mwanamke ni anasa ya watu wa mjini hajaelewa mambo. Mahali ambapo raha yake haihesabiwi, maumivu yake hayaonekani. Kinachopima vyote viwili ni kimoja: je, kuna mtu anayemuuliza anahisi nini?

Sisi Wadigo, na ndugu zetu Waduruma, hupenda kusema hatukeketi, na ni kweli, si mila yetu. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011, na bado utafiti wa taifa wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 15 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekatwa. Wembe ni ukatili usio na mfano na siulinganishi na kitu. Lakini tusijisifu mno. Msichana wetu kiungo anacho, ila jina lake ni tusi, kwenye mchoro hakipo, na mume hajui kilipo. Tumemwachia mwilini, tukamwondolea akilini.

Nini kifanyike? Desemba 2013, mjini Cape Town, Kenya ilitia saini ahadi ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika kuwapa vijana elimu kamili ya afya ya uzazi. Ianzie kwenye mchoro: chora kiungo kizima, kiandike jina. Anayekwenda kliniki ya uzazi wa mpango kutoka Kinango hadi Vanga aulizwe swali moja la ziada, "unaumia wakati wa tendo?", na kichocho kiwe kwenye orodha ya majibu. Foleni ya praziquantel iwafikie mama zetu. Masomo warudishiwe saa zao, na wafundishe pande zote mbili za kitanda. Na sheikh anayeijua Ihya aisome yote.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Hawakuwa wanatukana. Walikuwa wanamwambia mwanamke aliye katika uchungu kwamba mkunga hawezi kumsaidia akijifunika. Msemo huo tumeukubali kwa ajili ya watoto. Tuukubali na kwa ajili yake mwenyewe.

Na wewe kijana uliyesoma mpaka hapa, hungoji serikali. Leo usiku muulize: unaumia? Halafu muulize: unapenda nini? Ukishauliza, nyamaza usikilize, hata jibu likiwa ni "leo sitaki". Supu unaweza kunywa ukipenda. Ni tamu, hasa ikitiwa ndimu.